Chumba cha Mama Mkwe

Kitgum, 9 Oktoba 1976

Mdogo wangu Filda,

Umeniambia niache kukuandikia kwa Kiacholi, kwamba barua za lugha yetu zinachelewa njiani na nyingine hazifiki. Haya, nimeshika Kiswahili cha kambini, kile kile baba alichotufokea nacho Tororo akivua mkanda wake wa polisi. Wakifungua, wasome. Humu hamna ila mwalimu na mgonjwa.

Sisi tupo. Mke wangu yupo, watoto wapo, simsim imekubali mwaka huu. Sabuni hatujaiona tangu Julai, tunafulia majani ya mpapai na nguo zimeanza kuwa kijani. Msalimie Onen, msalimie Akwero, mwambie mjomba wake anataka aandikiwe barua kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Mama hajambo, lakini ni ile hajambo ya kusema mbele ya watu. Ana uvimbe kifuani upande wa kushoto. Aliuficha mpaka akashindwa kuinua mkono kupepeta. Daktari wa misheni ameuona, amesema yeye hana dawa yake, mama aende hospitali kubwa Kampala, akae karibu, awe anaonekana kila wiki, pengine miezi miwili au mitatu. Amesema tusikawie.

Kwa hiyo mtafutie chumba. Usiniambie atalala kwako. Unajua mwenyewe kwamba mama hawezi kulala penye kitanda cha mkwe wake, Onen awepo asiwepo. Unakumbuka ulipojifungua Jinja? Mama alilala stoo ya kambi, juu ya magunia ya posho, panya wakimpita miguuni, na mlango wenu uko pale pale. Wake za askari wakamcheka, wakasema huyu mama wa kaskazini ana maringo. Naye akawaambia kwamba yeye chumbani kwa Onen ataingia siku moja tu, siku ya kumlilia, na kwamba anamwomba Mungu amtangulize yeye kwanza.

Nyumba yenu nasikia ina vyumba saba. Tafuta kimoja chenye mlango wake. Mume wako ni mtu wa serikali, akisema neno litasikika.

Kaka yako,
Okeny


Old Kampala, 2 Novemba 1976

Kaka Okeny,

Barua yako imefika, imefungwa upya kwa gundi ambayo si yako. Nashukuru kwa salamu. Sisi tupo. Akwero ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama mzee. Onen hajambo, kazi zimemzidi. Wamempeleka Moroto kutengeneza magari ya polisi, anakuja na kwenda. Anawasalimu.

Habari ya mama nimeisoma nimesimama jikoni, ikabidi nikae juu ya debe.

Lakini kaka, nyumba unayoisikia wewe siyo hii ninayokaa mimi. Vyumba saba ni kweli, na kila kimoja kina familia. Sebule ya Mhindi imekatwa katikati kwa mbao, na kwenye roshani amelala koplo na mkewe chini ya turubai. Jiko moja, bomba moja, wanawake wanane. Asubuhi ukichelewa bombani unaoga maneno. Nyumba alipewa Sajenti Fadhul Wahindi wenyewe walipofukuzwa, na Fadhul hampi chumba mtu ila mwanamume aliyevaa sare. Mwanamke asiye na mume hapa hamtaki, anasema wanawake wa namna hiyo huleta maswali nyumbani. Sasa mama nitamwingiza kwa sare gani?

Nitatafuta nje. Usimtume kwanza. Nakuomba sana, usimtume mpaka nikwambie.

Mdogo wako,
Filda


Kitgum, 21 Novemba 1976

Filda,

Tupo. Nakusalimu.

Nilidhani nitaandikiwa "mlete", nimeandikiwa habari za bomba. Nimemwambia mama kwamba unatafuta, akasema, "Asijisumbue." Wewe unajua mama akisema asijisumbue maana yake nini.

Niulize jambo moja. Onen ana mdomo au hana? Wenzake walipokimbia yeye alibaki na kazi yake. Watu hapa wanasema amejua pa kusimama. Mimi namtetea kila siku kwenye vilabu vya pombe ya kwete, nasema shemeji yangu ni fundi tu, anatengeneza gari la yeyote. Basi fundi huyo ashindwe kumwambia sajenti mmoja kwamba mama wa mke wake ni mgonjwa? Siku aliyokuja kujitambulisha kwa baba alikuja na ndala. Ndala, Filda. Nilimvuta nyuma ya nyumba nikavua viatu vyangu vya shule nikampa, na mimi nikakaa mbele ya wazee miguu mitupu kama mchunga mbuzi. Leo mama yangu anaambiwa nyumba imejaa.

Wala haniandikii mwenyewe. Zamani aliweka mstari mmoja chini ya barua zako, hata kama ni wa utani. Amekuwa mkubwa kiasi hicho?

Mkono wa mama umevimba mpaka vidoleni. Pete ya baba imebidi tuikate.

Okeny


Old Kampala, 19 Desemba 1976

Kaka,

Sikukuu njema, kama huko ipo. Hapa sukari inapatikana kwa magendo, nyuma ya maduka ya mafutamingi, hao waliogawiwa mali ya Wahindi, na ukiuliza bei unaangaliwa kama uliyetukana. Akwero ameshika namba tatu darasani.

Umeandika maneno makali na mimi nimeyasoma yote. Onen usimseme. Nakwambia mara moja na sitarudia, Onen usimseme. Ananyamaza kwa sababu ana kazi.

Nimetafuta, kaka, usidhani nimekaa. Nilikwenda Kisenyi. Kuna bwana anaitwa Marjan, ana karakana na vyumba nyuma yake. Chumba kilikuwa cheusi kwa moshi na mafuta ya gari, lakini kina mlango na kufuli. Tulikubaliana vizuri mpaka alipouliza jina la mgonjwa na anatoka wapi. Nikamwambia. Akafunga kufuli lake polepole, akasema, "Mama, sina ubaya na wewe. Ila nyinyi watu wa huko mnafuatwa na wageni wasiobisha hodi. Nina watoto." Alinipa maji ya kunywa kabla sijaondoka. Kukataliwa kwa adabu nako kunachosha.

Sehemu tatu zaidi nimekwenda. Moja waliniambia kimechukuliwa, na nikaona kwa dirisha kwamba ni kitupu. Nyingine sitaki kuisimulia.

Sasa kuna tumaini. Port Bell yuko mwanamke Mjaluo wa Kenya, Loice, mumewe Owino anapakia mabehewa kwenye meli. Tangu mambo ya Entebbe ya Julai Wakenya hawalali vizuri hapa, na hao wameamua kurudi kwao. Chumba chao kina mlango wake na jiko la nje. Loice sikuhitaji kumweleza habari ya mkwe, wao desturi ni hiyo hiyo. Aliniuliza tu, "Na mzee wako yuko?" Nikasema yuko Moroto. Akaniangalia, kisha akaendelea kukunja nguo. Amesema wakiondoka mwezi wa kwanza ataniachia ufunguo mkononi.

Mwambie mama avumilie kidogo.

Filda


Kitgum, 8 Januari 1977

Mdogo wangu,

Sasa ndiyo barua. Nimemsomea mama mara mbili. Amecheka akauliza kama hapo Port Bell kuna samaki, nikamwambia kuna samaki na gereza, achague. Ameanza kutafuta mtu wa kumwachia kuku.

Nisamehe kwa mambo ya ndala. Nilikuwa na hasira.

Nataka mama aondoke mapema kuliko tulivyosema, siyo kwa ajili ya uvimbe peke yake. Aloyo, binti wa shangazi, anapeleka simsim Kampala kwa lori na anajua vizuizi vyote vya njiani na nani wa kumpa nini. Atakuja naye. Baiskeli nimeiuza, usiniulize. Watoto nimewapeleka kwa bibi yao mzaa mama yao.

Loice akiondoka, niandikie siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Okeny


Old Kampala, 3 Februari 1977

Kaka Okeny,

Natumai barua hii itakukuta. Hapa si pazuri wiki hizi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Chumba cha Port Bell kimekufa. Loice aliondoka alfajiri kama alivyosema na ufunguo alinipa. Nilifika saa nne na ndoo na ufagio. Nikakuta mlango umevunjwa, godoro la kijeshi limetandikwa, na kijana wa watu amekaa juu yake anakula ndizi za kuchoma. Nilimwonyesha ufunguo. Akaniambia niuweke, utanifaa siku nikipata mlango. Nilirudi na ndoo yangu kwa miguu mpaka mjini, na njia nzima nilikuwa nimeushika huo ufunguo kama mjinga.

Usimtume mama. Sijui niiandike kwa herufi kubwa kiasi gani. Usimtume.

Kwangu hawezi kulala, na sababu unaijua. Wanawake wa kwetu wamo humu ndani, yupo Alanyo wa Gulu, mlango wake unatazama wangu, na mume wake ni askari. Wanajua mila kama sisi.

Kaka, kwa nini umeuza baiskeli? Na watoto kwa nini uwapeleke kwa bibi yao shule zikiwa wazi?

Filda


22 Februari 1977

Filda,

Sitaandika mahali nilipo. Usijibu kwa sanduku la posta la shule.

Sijapata neno lako tangu Desemba, kwa hiyo nachukua kwamba chumba kipo. Nilingoja mpaka kungoja kukawa hatari. Mwalimu mkuu na msaidizi wake waliitwa mkutanoni wilayani na hawakurudi, na juzi wamekuja watu wa usalama, wale wa miwani, wameuliza nyumba yangu kwa jina. Mke wangu ameshaondoka. Mimi naondoka leo kwa miguu, upande unaoujua. Hilo ndilo nililokuwa sikuandikii. Sikutaka mama ashuhudie nikichukuliwa.

Mama yuko njiani na Aloyo. Amebeba mkeka wake mwenyewe.

Mwambie Onen hivi: kama bado ana mdomo, autumie sasa. Na kama amechagua kunyamaza ili kazi yake ikae, basi ajue nimemkabidhi mama yangu kwa mtu aliyevaa viatu vyangu, na nitamdai hilo hata nikiwa huko niendako.

Okeny


Old Kampala, 14 Machi 1977

Kaka yangu Okeny,

Aloyo anasema kuna mtu anayejua ulipo. Barua hii ataishona kwenye upindo wa gauni lake la gomesi, haitapita kwa gundi ya mtu, kwa hiyo leo nitaandika kama ninavyotaka. Nakusalimu. Kama uko hai nashukuru. Akwero hajambo.

Mama alifika Jumamosi mchana, juu ya magunia ya simsim. Sikuwa na habari, barua yako Aloyo ndiye aliyeileta. Niliposikia sauti yake uani nilikuwa nimepiga magoti mlangoni kwangu napaka rangi viatu vya Onen. Kila Jumamosi napaka. Viatu vyake vya kazi vinakaa nje ya mlango, na shati lake la sare nalifua nalianika kwenye kamba ya mbele, mahali ambapo Fadhul akipita ataliona. Chakula napika cha watu watatu. Akwero nimemfundisha kusema baba yuko Moroto.

Umeshaelewa, lakini wacha niseme, maana sijawahi kulisema kwa mdomo wala kwa kalamu. Onen alichukuliwa Agosti. Walikuja karakana watu wawili wa miwani, wakasema gari lao limezima barabarani, wanataka fundi. Alikuja mpaka hapa nyumbani kuchukua spana yake, akaniambia nimwekee chai. Walimngoja getini wakisikiliza redio. Nilikwenda kituo chake, wakaniambia Onen yuko safari ya kazi, na mkubwa mmoja aliyekuwa rafiki yake akanisindikiza mpaka nje akasema, "Shemeji, ukiendelea kuuliza, mtoto atabaki na nani?" Nilikwenda hata msituni, kule watu wanakokwenda kutafuta watu wao. Sikumwona. Na sijui kama niliangalia vizuri, kaka, kwa sababu nilikuwa natafuta huku naomba nisimpate.

Ulisema ananyamaza ili kazi yake ikae. Ulisema amekuwa mkubwa. Mimi nilizisoma barua hizo kitandani upande wangu, na upande wake mtupu.

Kama ningekuandikia kwamba hayupo, wangesoma kabla yako. Kama ningemweka mama chumbani, Alanyo na wenzake wangejua siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna mama wa kwetu anayelala kwa mkwe aliye hai. Na Fadhul angejua kesho yake, na sisi tungekuwa barabarani. Ndiyo maana nilizunguka Kisenyi na Port Bell nikimtafutia mama chumba, na mimi nina chumba chenye nusu kitanda bure. Nilikuwa naichukia mila hii kila nikipita mlango wa mtu. Tena nilikuwa naishika kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamweka Onen hai machoni pa watu.

Mama aliteremka, akasimama uani amegeuzia mlango wangu mgongo, kama inavyotakiwa. Amebaki mifupa, kaka. Akauliza, "Mwenye nyumba yupo?" Nikasema yuko Moroto. Akauliza chumba cha Port Bell ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kimechukuliwa. Hakunigombeza. Akasema basi atalala jikoni. Mke wa Fadhul akajibu kutoka dirishani kwamba jiko ni la watu wote na mgonjwa ana harufu. Mama akasema ahsante. Akasogea barazani akakaa chini kwenye mkeka wake, karibu na viatu.

Wanawake walikuwa bombani, Alanyo ndiye aliyekuwa anakinga maji. Mama akanyoosha mkono wake mzima akachukua kiatu kimoja. Nilidhani anakisogeza. Akakigeuza. Juu kilikuwa kinang'aa, nimekisugua asubuhi nzima. Chini soli ilikuwa na vumbi jeupe la nyumbani, na buibui alikuwa ameshajenga kwenye pengo la kisigino. Juu nilipaka kila wiki. Chini sikuwahi kuangalia.

Akakirudisha pale pale, sawasawa na mwenzake. Hakuniangalia. Akaniuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

Nikamwambia, "Agosti."

Akasema, "Na umekaa nalo peke yako."

Halafu akainuka. Alishika fremu ya mlango akainuka, akakunja mkeka wake, akaingia chumbani kwa Onen, kweupe, mbele ya wanawake wote wa bombani. Akautandika kando ya kitanda. Akalala, uso ukiangalia ukutani, akaanza kumlilia mkwe wake kwa sauti ndogo kabisa, ya mtu mmoja kusikia. Ndoo ya Alanyo ilijaa ikamwagika na hakuna aliyefunga bomba.

Mimi niliingia nikakaa sakafuni nikamshika miguu. Nililia kaka, miezi saba yote niliilia hapo, nimeziba mdomo kwa kanga.

Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango, nje ya mlango wa Alanyo hapakuwa na viatu. Kila siku vilikuwepo, vyeusi, virefu, nami nilikuwa nikiviona navisema moyoni, wenzetu wana bahati. Alikuwa ameviingiza ndani. Alitoka, akanitazama, akaja akanisaidia kuwasha moto. Mume wake walimchukua Novemba, na shati analianika Jumatano. Tulikuwa tunaanikiana mashati, kaka, mimi namdanganya yeye na yeye ananidanganya mimi, kamba moja.

Fadhul alikuja jioni. Hakupiga kelele. Alisema chumba ni cha mwenye sare na mwisho wa mwezi anakitaka, changu na cha Alanyo. Alisema hana ubaya. Wote hawana ubaya, sijui ubaya huu anao nani.

Hospitali tumekwenda. Daktari alimpima mama akavua glavu akaniuliza tulikuwa wapi Oktoba. Nikamjibu tulikuwa tunatafuta chumba. Alidhani namfanyia dhihaka. Amempa dawa za maumivu, na mama amesema zinamsaidia, lakini kwa ile sauti yake ya asijisumbue.

Ulificha lako na mimi nikaficha langu, na katikati alikaa mama na mkono umevimba. Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo, kama unavyonilaumu, tuyaache hapo.

Sasa tunatafuta chumba kimoja, mimi na Alanyo na watoto wetu na mama. Marjan wa Kisenyi amesema labda. Utafutaji umekuwa mwepesi kuliko mwanzo, maana hakuna tena mwanamume wa mama kumwonea haya. Anaweza kulala popote.

Mlilie shemeji yako huko uliko, kwa sauti kubwa, kwa sababu sisi hapa hatujaruhusiwa. Aloyo anasema ulitoka kwa miguu na kwamba viatu vyako vilikatika njiani. Viatu vya Onen ameviweka chini ya magunia yake matupu, nimevisafisha mpaka soli. Mama amenikumbusha kwamba mnavaa saizi moja.

Mdogo wako,
Filda